Ankara isiyolipwa na kazi ya bure: mwongozo wa kodi kwa biashara ndogo za Lubumbashi

Mwaka ukikaribia kuisha, wanaoshika vitabu vya biashara ndogo hapa Lubumbashi huulizwa maswali mawili kuliko mengine yote. La kwanza ni hili: «Nilifanya kazi, nikatoa ankara, mteja hajalipa mpaka leo. Nitalipaje kodi ya pesa ambayo sijaiona?» La pili: «Nilitengeneza umeme wa parokia bure, kazi ya dola mia tano. Nizikate wapi kwenye kodi?»

Yanafanana, maana kote jasho limetoka na mfuko ukabaki mtupu. Lakini mbele ya DGI, yaani idara ya kodi, kila moja lina jibu lake, na anayeyachanganya hulipa zaidi ya anachodaiwa au hujikuta na faini. Kinachoyatenganisha ni kilichoandikwa vitabuni. Hasara ya ankara inakubalika ikiwa ankara hiyo iliandikwa kwanza kama mapato. Kazi ya bure haikuwahi kuandikwa kama mapato, kwa hiyo hakuna cha kuondoa. Yote yanayofuata hapa yanatoka kwenye kanuni hiyo.

Jua kwanza uko kundi gani

Wengi huruka hatua hii, wakaanza kubishana juu ya deni ambalo kwa kundi lao halibadilishi chochote.

Ordonnance-loi n° 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013 iliwawekea utaratibu wao wenye biashara ambazo mauzo ya mwaka hayavuki franka milioni 80. Ndani yake kuna ngazi mbili. Mwenye mauzo chini ya franka milioni 10 analipa kiasi kimoja cha mwaka, akiuza sana au kidogo. Kuanzia milioni 10 hadi 80 analipa sehemu ya mauzo, 1% kwa muuza bidhaa na 2% kwa mtoa huduma. Ukivuka milioni 80 unahesabiwa kodi ya faida, 30%, na unaingia pia kwenye TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%. Kwa anayetoza kwa dola, milioni 80 hufikiwa upesi kuliko anavyodhani. Bunge lilipitisha sheria mpya za kodi ya mapato mwaka 2023, na sheria ya fedha ya kila mwaka hugusa viwango, kwa hiyo kabla ya kujaza fomu thibitisha kwenye kituo chako cha kodi kiwango cha mwaka unaoutangaza.

Sasa tazama maana yake. Tuchukue fundi wa kompyuta wa Kamalondo mwenye mauzo ya franka milioni 40 kwa mwaka, na ndani yake ankara za milioni 3 hazikulipwa. Kodi yake ni 2%, yaani franka 800,000. Sehemu inayotokana na zile ankara mbovu ni franka 60,000 tu. Hata DGI ikimkubalia kila anachoomba, ataokoa hizo elfu sitini, na milioni tatu zitabaki zimepotea. Mtu wa kundi hili nguvu zake zote azipeleke kwenye kudai, maana kodi inayolipwa juu ya mauzo haina nafasi ya kukata gharama wala hasara. Isitoshe, anayelipa kiasi kimoja cha mwaka hata hizo elfu sitini hana.

Kwa anayelipa kodi ya faida hesabu inageuka. Milioni 3 zikikubaliwa kuwa hasara, kodi inapungua kwa franka 900,000. Hapo inafaa kukaa na karatasi. Kumbuka tu kwamba kuna kodi ya chini kabisa inayohesabiwa kwa mauzo, 1%, hata kama mwaka umeishia kwenye hasara.

Jambo moja kwa makundi yote: usiondoe ankara zisizolipwa kwenye mauzo ili ubaki chini ya milioni 10 au 80. Mkaguzi hachukui tamko lako peke yake. Huangalia namba za ankara zinazofuatana, na huangalia vitabu vya wateja wako pia.

Ankara ilihesabiwa lini?

Vitabu vyetu vinafuata SYSCOHADA, kanuni za uhasibu za OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara), na toleo lake jipya linatumika tangu tarehe 1 Januari 2018. Kwenye utaratibu wa kawaida mapato huandikwa kazi inapokamilika na ankara kutolewa, pesa iwe imeingia au bado. Biashara ndogo sana zinaruhusiwa kutumia utaratibu mwepesi uitwao système minimal de trésorerie. Huo unafuata pesa inayoingia na kutoka, na mwisho wa mwaka unaongeza orodha ya wanaokudai na unaowadai. Mipaka yake imewekwa kwa franka za CFA, milioni 60 kwa wachuuzi, 40 kwa mafundi na 30 kwa watoa huduma, kisha unageuza kwa pesa yetu.

Basi kabla ya kuuliza «nikate vipi?», fungua daftari utazame kama ile ankara imo kwenye mapato. Ikiwa unaandika pesa ikiingia tu, na ile ya mteja huyu haijaingia, haujaitangaza bado na huna cha kukata. Huwezi kutangaza kwa pesa iliyoingia, kisha mwisho wa mwaka ukadai hasara kwa ankara zilizotolewa. Watu hufanya hivyo bila nia mbaya, na ndiyo makosa yanayoonekana upesi kuliko yote wakati wa ukaguzi.

Ankara za dola ziandike na kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo palepale kwenye karatasi. Miezi minane baadaye hakuna atakayekumbuka dola ilikuwa franka ngapi.

TVA: bidhaa njia yake, huduma njia yake

TVA yetu ilianzishwa na Ordonnance-loi n° 10/001 ya tarehe 20 Agosti 2010, ikaanza kutozwa tarehe 1 Januari 2012. Inatangazwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Hapa ndipo ankara isiyolipwa inapouma haraka, na hapa ndipo muuza bidhaa na mtoa huduma wanapoachana.

Kwa bidhaa, TVA inadaiwa siku mzigo unapotolewa. Duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya Kasenga likitoa saruji na mabati ya franka 2,000,000 mwezi wa tatu, pamoja na TVA ya 320,000, hizo 320,000 zinatakiwa tarehe 15 Aprili. Mteja awe amelipa, hajalipa, haonekani, haijalishi. Mwenye duka anamkopesha mteja bidhaa, kisha anamlipia na kodi.

Kwa huduma, kanuni ya kawaida ni kwamba TVA inadaiwa pesa inapoingia. Mchomeleaji, mchapishaji, mwenye gari la kukodisha, mhandisi: ankara yao isiyolipwa haijazaa TVA bado, hivyo hakuna TVA ya kurudishiwa. Isipokuwa kama uliomba na kukubaliwa kulipa TVA kwa tarehe ya ankara, kile kinachoitwa d'après les débits. Hapo uko kama muuza bidhaa. Anayefikiria kuomba ruhusa hiyo kwa sababu hesabu zinakuwa rahisi, na wateja wake wanalipa baada ya siku 90, afikirie tena.

Angalia malipo ya mwanzo. Mteja akikupa franka 500,000 kabla ya kazi, TVA imo ndani ya hizo, na inadaiwa mwezi huo huo: 500,000 mara 16 gawanya kwa 116, yaani franka 68,966. Wengi huzila pesa za mwanzo zote kwenye vifaa, kisha tarehe 15 wanashangaa.

Kuna jambo linaloweza kukusaidia kudai. Pale ambapo TVA ya muuzaji haijaanza kudaiwa, mnunuzi naye hana haki ya kuikata kwenye tamko lake. Mteja mkubwa aliyepokea huduma yako na bado hajalipa, TVA yake imekaa bure. Mkumbushe mhasibu wake kwa adabu. Mara nyingi huyo mhasibu ndiye atakayekusukumia malipo ndani ya ofisi yao.

Ukiwa umeshailipa TVA na deni likafa kweli, unairudisha kwa kuikata kwenye TVA ya miezi inayofuata. Si kwa kuchana ankara. Kazi iliyofutwa au bidhaa iliyorudi inasahihishwa kwa facture d'avoir, ankara ya kupunguza, inayotaja namba ya ankara ya kwanza, na kwa waliokwisha kuingia kwenye facture normalisée, ankara sanifu ya DGI, hakuna njia nyingine, kwa sababu ankara imekwisha kusajiliwa kwenye mtambo wa DGI. Deni lililokufa bila kazi kufutwa linahitaji nakala ya ankara ile ile, iliyopelekwa kwa mteja na kuandikwa juu yake maneno yanayotumika katika nchi zenye TVA ya mtindo wa Kifaransa: «Facture demeurée impayée pour la somme de… hors taxe et pour la somme de… de TVA correspondante, qui ne peut faire l'objet d'une déduction». Maana yake ni kwamba mteja naye haruhusiwi kukata TVA ambayo hakulipa. Kabla ya kukata, andikia kituo chako barua yenye nakala ya ushahidi wote, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Na kama hauko kwenye TVA, usiiandike kabisa kwenye ankara ili uonekane kampuni kubwa. Anayeiandika anaidaiwa.

Deni limechelewa, lina mashaka, au limekufa?

Hili ndilo moyo wa jambo lote. Kwa mkaguzi wa kodi, kuchelewa hakumaanishi kupotea.

Chukua mazingira yetu. Mgodi unaipa kazi kampuni moja, hiyo inaipa nyingine, na wewe uko mwisho kabisa, unapika chakula cha wafanyakazi au unashona nguo za kazi. Sheria n° 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance, yaani kazi ambazo kampuni moja huikabidhi nyingine, iliwafungulia mlango wajasiriamali Wakongomani, na wengi wa Lubumbashi na Kolwezi wanaishi kwa mlango huo. Unapodai, unajibiwa: «Mgodi haujatulipa.» Inawezekana ni kweli. Lakini aliyekuagiza ni yule aliyetia sahihi kwenye bon de commande (hati ya oda) yako, na deni lake kwako haliangalii mgodi, ila kama wewe mwenyewe ulikubali kwenye mkataba kwamba utalipwa yeye akilipwa. Usiukubali huo mstari. Uusome mkataba mpaka mwisho, na ukiukuta, omba uwekwe tarehe ya mwisho ya malipo.

Deni la namna hii limechelewa, halijafa. Ukiliandika kuwa hasara kwa sababu ya miezi sita ya ahadi, mkaguzi atalirudisha kwenye faida yako, na atakuwa na haki.

Linakuwa na mashaka pale ambapo kuna dalili za kweli: hundi iliyorudi, ofisi iliyofungwa, mteja anayekana kazi, kesi mahakamani. Linakufa pale ambapo una karatasi ya mtu mwingine inayosema hakuna cha kuchukua: ripoti ya huissier (afisa wa mahakama anayetekeleza hukumu) kwamba hakukuta mali, hukumu ya kufilisika, mgao wa mali ya aliyefilisika ulioisha bila wewe kupata kitu.

Ushahidi haujengwi mwezi wa kumi na mbili. Unajengwa siku ya kupeleka kazi. Ankara ziwe mbili, na ile inayobaki kwako iwe na jina la aliyepokea, tarehe, sahihi, na muhuri kama ni kampuni. Namba yako ya kodi na ya mteja ziwemo. Kama mlipatana kwa simu, tuma ujumbe jioni hiyo hiyo ukirudia mapatano. Muda wa malipo ukipita, anza kwa maandishi mafupi yasiyogombana, kama haya ya mama anayeshonea hoteli mapazia:

«Jambo papa. Ni juu ya ankara n° 014 ya tarehe 3 Machi, franka 1,740,000, mapazia ya vyumba vya juu. Tulipatana malipo tarehe 2 Aprili. Naomba uniandikie siku utakayolipa. Aksanti.»

Papa akijibu «Mama, univumilie kidogo, mwezi huu mambo ni magumu», huyo amekubali deni kwa maandishi. Jibu hilo lipige picha, lichapishe, liweke kwenye faili pamoja na ankara. Siku atakaposema mapazia hayakufika, una maneno yake.

Baada ya hapo ni mise en demeure, barua ya Kifaransa inayotaja kiasi, sababu na siku ya mwisho. Ipelekwe na mtu atakayerudi na sahihi, au na huissier kama deni ni kubwa. Baadaye kuna injonction de payer, amri ya kulipa, kwenye Tribunal de commerce ya Lubumbashi, utaratibu wa OHADA kwa deni la hakika, linalojulikana kiasi chake na lililofikia siku ya kulipwa. Jaji anaweza kutoa amri kwa kuangalia karatasi zako, bila kumwita mdaiwa kwanza. Mdaiwa akipinga ndani ya muda uliowekwa, kesi inaendelea kwa kawaida. Asipopinga, amri inatekelezwa.

Usiache muda upite. Madai kati ya wafanyabiashara hufa baada ya miaka 5, na ya mauzo ya biashara baada ya miaka 2. Aliyekaa kimya mpaka haki yake ikazimika ni vigumu kumweleza mkaguzi kwamba alipata hasara. Ataambiwa alimsamehe mteja wake.

Lakini nisiwadanganye wenye madeni madogo. Kwa ankara ya franka 150,000, gharama ya huissier inaweza kula deni lote. Weka barua tatu za kudai zenye tarehe, ushahidi kwamba mteja amehama au amefunga, na maelezo ya mistari mitano ya kwa nini kwenda mahakamani kungegharimu kuliko deni. Mkaguzi anaweza kukataa hata hivyo. Ni bora kuliko kumpa maneno matupu.

Kuliandika kwenye vitabu

Tuendelee na mapazia. Bei bila kodi ni 1,500,000, TVA ni 240,000, jumla 1,740,000. Hii ni bidhaa, kwa hiyo TVA imeshalipwa mwezi wa nne.

Namba zifuatazo ni za akaunti za SYSCOHADA. Siku ya ankara: 411, akaunti ya wateja, inapokea 1,740,000, akaunti ya mauzo 1,500,000, na 443 ya TVA 240,000. Hoteli inapofunga milango, deni linahamishwa lote kutoka 411 kwenda 416, akaunti ya wateja wa mashaka. Halafu mwisho wa mwaka, tuseme mama anakadiria nusu haitarudi. Anaandika 750,000 kwenye 6594, gharama ya makadirio ya hasara, na 491, upungufu wa madeni ya wateja. Ni nusu ya 1,500,000, bila kugusa TVA, kwa sababu TVA si mapato yake.

Hapa ndipo vitabu na kodi vinapotengana. Ordonnance-loi n° 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969, iliyosimamia kodi ya mapato kwa miaka mingi, haikukubali makadirio ya hasara yakatwe kwenye faida. Kwa kanuni hiyo, kwenye fomu ya mwaka huo zile 750,000 zinarudishwa kwenye faida, mama analipa kodi kana kwamba hakuandika kitu. Asikasirike, haijaisha.

Mwaka wa pili huissier anatoa ripoti kwamba hakuna mali. Sasa 651, akaunti ya hasara za madeni, inapokea 1,500,000, 443 inapokea 240,000, na 416 inafungwa kwa 1,740,000. Yale makadirio ya mwaka jana yanafutwa: 491 kwa 750,000, na upande wa pili 7594. Hiyo 7594 ni akaunti ya mapato, na DGI haitakukumbusha kwamba mapato hayo yalikwisha kulipiwa kodi mwaka uliopita. Ni lazima uyaondoe mwenyewe kwenye fomu. Usipoyaondoa, hasara yako ya milioni moja na nusu inakuwa nusu yake. Nimeona vitabu vizuri kabisa vikipoteza pesa kwenye mstari huu mmoja. Nakala ya hesabu ya mwaka uliopita iwe mezani unapojaza ya mwaka huu.

Mteja akija kulipa baadaye, hata sehemu, ni mapato mapya ya mwaka huo, na TVA uliyoirudisha inadaiwa tena.

Mkipatana alipe 1,000,000 muishie hapo, pateni karatasi yenye sahihi mbili na sababu ya kibiashara, kisha utoe facture d'avoir ya tofauti. Kumpunguzia mteja ili upate kitu leo ni biashara. Kumsamehe shemeji ni zawadi, na zawadi haikatwi.

Anayedaiwa akiwa ofisi ya Serikali

Wenye kudai ofisi za umma wanajua uchungu wake: kazi imepokelewa, barua zinazunguka, miaka inapita. Serikali haikamatiwi mali kama mfanyabiashara, kwa hiyo huissier hatakusaidia sana. Endelea kupata maandishi yanayokiri deni, kila mwaka. Na usifanye jambo linalowavutia wengi, la kusema «wananidai kodi, nami nawadai, basi tumalizane». DGI inataka kodi yake kwa siku yake. Deni la ofisi nyingine halikuruhusu kujikatia mwenyewe, na faini ya kuchelewa itakuwa yako peke yako.

Mishahara nayo ni hivyo. Kodi ya mishahara na michango ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, vinafuata mshahara uliolipa, havisubiri mteja wako.

Kazi ya bure

Turudi kwa fundi umeme wa parokia. Dola mia tano za kazi yake haziendi popote kwenye fomu. Muda wako na ujuzi wako havikuwahi kuwa gharama kwenye vitabu, kwa hiyo haviwezi kukatwa. Wengine wanasema: «Basi niandike mapato dola 500, niandike na zawadi dola 500.» Piga hesabu. Kama zawadi ingekubaliwa, ungerudi sifuri, palepale ulipoanzia. Zawadi za namna hiyo kwa kawaida hazikubaliwi, hivyo utalipa kodi ya dola 500 ambazo hakuna aliyekupa. Kwa anayelipa 2% ya mauzo ni hasara tupu, kwa sababu upande wa zawadi haupo kabisa kwenye kodi yake.

Kibaya zaidi ni kumpelekea parokia ankara ukijua haitalipwa, kisha kuiita deni lililokufa. Hiyo si hasara, ni karatasi ya uongo, na inaiweka parokia pia kwenye vitabu vya watu kama mdaiwa sugu.

Kinachoweza kuhesabiwa ni vitu halisi vilivyotoka. Mshahara wa kijana aliyekusaidia siku hiyo ni mshahara kama siku nyingine, unabaki pale ulipo. Nyaya, swichi na usafiri ni jambo jingine: kama havihusiani na kutafuta mapato yako, mkaguzi ataviita zawadi na kuvirudisha kwenye faida. Na kwa aliye kwenye TVA, nyaya zilizotoka stoo, ambazo TVA yake ulikwisha kuikata uliponunua, zinachukuliwa kama umejiuzia mwenyewe, livraison à soi-même, na TVA inadaiwa kwa gharama ya nyaya hizo. Ukijua mapema kwamba kazi ni ya bure, njia safi ni parokia inunue vifaa yenyewe, risiti ziwe kwa jina lake, nawe utoe mikono tu.

Kama unataka kusaidia lakini si bure kabisa, punguza bei wazi kwenye ankara. Kazi ya franka 1,000,000, punguzo 60%, inabaki 400,000, na TVA inahesabiwa juu ya 400,000, yaani 64,000. Punguzo lililoandikwa tangu mwanzo halina matatizo. Punguzo linalokumbukwa baada ya mwaka ndilo linaloleta maswali.

Angalia kama kweli ni bure. Unatengeneza kompyuta za redio ya mtaani, nao wanatangaza biashara yako asubuhi na jioni. Hapo mmebadilishana. Kila mmoja amuandikie mwenzake ankara ya thamani ya kawaida, wewe utangaze mapato, na tangazo liwe gharama yako halali ya biashara. Wengi wanaosema «nilitoa bure» walipata tangazo, jina ukutani au kibanda kwenye sherehe, na wangefaidika kuliandika hivyo.

Kwa kazi ya bure kweli, andika karatasi moja: tarehe, kazi iliyofanyika, vifaa vilivyotumika na nani alivinunua, na maneno kwamba hakuna malipo yaliyopokelewa wala yatakayodaiwa. Isainiwe na mhusika wa parokia, shule au ASBL (shirika lisilo la faida), kwa muhuri wao. Shirika likiwa limesajiliwa kwa sheria n° 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, weka namba ya hati yake. Karatasi hiyo haikupunguzii kodi. Inakulinda. Umeweka picha za kazi nzuri kwenye Facebook, mkaguzi ameziona, na kwenye vitabu hakuna ankara. Bila karatasi, atadhani uliuza ukaficha.

Upande wa pili ni mwepesi. Binamu yako mwanasheria akikuandikia mkataba bila kulipwa, hakuna gharama, hakuna cha kuandika.

Faili la mwisho wa mwaka

Kabla ya Desemba kuisha, toa orodha ya kila ankara ambayo haijalipwa: namba, tarehe, mteja, kiasi bila kodi, TVA, na ikiwa TVA hiyo imeshalipwa au bado. Pembeni andika neno moja, imechelewa, ina mashaka au imekufa, na karatasi inayothibitisha. Palipo na «imekufa» bila karatasi, rudisha kwenye «mashaka». Barua ambazo hazijatumwa zitumwe sasa, zipate tarehe ya mwaka huu.

Kodi ya faida hutangazwa kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo Januari na Februari ni wakati wa kupitia orodha hiyo na mhasibu, wakati kituo cha kodi bado hakijajaa watu. Nakala za ankara, majibu ya wateja, ripoti za huissier na zile karatasi za kazi ya bure zitunze miaka 10, kama SYSCOHADA inavyotaka. Mvua za Lubumbashi zinajulikana: ziweke juu, mbali na sakafu, na picha zake kwenye simu nyingine isiyo ya kazini.